Umeshatubu lakini moyo haujatulia? Namna ya kuuamini msamaha wa Mungu, hatua kwa hatua

Wakristo wengi wanaamini kabisa kwamba Mungu anasamehe. Waulize, watakutajia aya bila kufungua kitabu. Ila waulize kama Mungu amewasamehe wao, kwa lile jambo moja wanalolijua wenyewe, na macho yanateremka chini. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao. Najua pale walipo, kwa sababu nami nilikaa hapo miaka saba.

Kosa langu lilikuwa la kunyamaza. Kazini kulitokea upungufu kwenye hesabu, uzembe wangu mimi, na rafiki yangu ndiye aliyebebeshwa. Nilikuwamo kwenye kikao. Nikaulizwa kama nina la kusema. Mbele yangu palikuwa na kalamu ya bluu isiyo na kifuniko. Nikaitazama ile kalamu, nikasema sina. Rafiki yangu akapoteza kazi.

Jioni ile ile nilipiga magoti nikatubu. Kesho yake nikatubu tena. Kwa miaka saba sikumbuki sala niliyoimaliza bila kulirudia. Naanza na shukrani, nawaombea wagonjwa, nawataja watoto, kisha mwishoni nafika pale pale: "Na lile jambo, Bwana." Mzee mmoja wa kanisa, nilipomfungulia moyo hatimaye, aliniuliza swali moja tu: "Mara ile ya kwanza ulipoomba msamaha, Mungu alikukatalia?" Nikakosa la kujibu. Miaka yote ile nilikuwa naomba, naomba tena, na sikuwahi kutulia nikasikiliza nimejibiwa nini.

Hatua ya 1: Tambua sauti inayosema nawe

Kuna uchungu unaompeleka mtu kwa Mungu, na kuna uchungu unaomfukuza mbele zake. Paulo anavitofautisha katika 2 Wakorintho 7:10: huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu huzaa toba, na huzuni ya dunia hufanya mauti. Tatizo ni kwamba usiku wa manane zote mbili zinafanana. Zote zinauma na zote zinanyima usingizi.

Mimi hutumia kipimo hiki. Roho Mtakatifu anapokugusa, anataja kitu chenye jina: ulimdanganya fulani, siku fulani, kwa neno fulani. Tena anakuonyesha mlango, yaani uende kwa nani na ukaseme nini. Sauti ya mshitaki huwa haina jina la kosa. Inasema wewe ni mtu wa hovyo, siku zote umekuwa hivyo, na Mungu ameshachoka nawe. Ukiiuliza "basi nifanye nini?" haina jibu, maana haikuja kukutoa mahali, imekuja kukuzamisha.

Watazame Petro na Yuda usiku ule mmoja. Watu husema Yuda hakujuta. Soma Mathayo 27 polepole. Alijuta. Akavirudisha vile vipande 30 vya fedha. Akakiri kwa kinywa chake kwamba amekosa, ameisaliti damu isiyo na hatia. Majuto alikuwa nayo, maungamo alifanya, na alichochukua alikirudisha. Ila aliyapeleka yote hayo kwa makuhani wakuu, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi?" Petro naye alimkana Bwana mara tatu, akatoka nje akalia kwa majonzi, lakini akabaki karibu na wenzake. Siku ya tatu malaika anawatuma wanawake kaburini: nendeni mkawaambie wanafunzi wake, na Petro (Marko 16:7). Kwa nini atajwe peke yake kwa jina? Kwa sababu ukisema "wanafunzi" tu, Petro angedhani hahesabiwi tena.

Kwa hiyo kabla ya yote jiulize: uchungu huu nilio nao naupeleka kwa nani? Ukiwa unaupeleka kwenye nafsi yako mwenyewe kila siku, nafsi yako itakujibu kama wale makuhani walivyojibu.

Hatua ya 2: Litaje kosa kwa jina lake, mara moja

"Bwana, kama kuna mahali nimekukosea, unisamehe." Sala hiyo haina ubaya, lakini kwa mtu mwenye kidonda ni kama kumwambia daktari naumwa, halafu unakataa kuonyesha panapouma. Daudi katika Zaburi ya 32 anaeleza jinsi mifupa ilivyomchakaa aliponyamaza. Ahueni inaanza pale anaposema amemjulisha Mungu dhambi yake wala hakuuficha upotovu wake.

Tafuta mahali penye utulivu, ikibidi shika karatasi. Sema au andika: nilidanganya. Niliiba. Nilizini. Nilimpiga. Nilinyamaza ilipopasa niseme. Usiweke "ila" baada ya hapo, wala usimtaje aliyekuchokoza. Sehemu yake ni yake, wewe peleka ya kwako. Kisha soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti: tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Litazame vizuri lile neno "wa haki". Yohana angeweza kusema Mungu ni mpole, na ingekuwa kweli. Anasema wa haki, kwa sababu deni limekwisha kulipwa msalabani, na kulidai mara ya pili kungekuwa udhalimu. Msamaha wako hautegemei kama Mungu ameamkaje leo.

Ukiwa umeandika, ichane karatasi. Hakuna sababu ya kuiweka.

Kuna jambo lazima niliseme hapa, kwa sababu nimeona watu wakiumia nalo maisha yao yote. Yapo mambo ambayo watu wanayatubia na si dhambi zao. Aliyenajisiwa akiwa mtoto hana cha kutubu kwa aliyotendewa. Aliyepigwa na mwenzi wake hakutenda dhambi kwa kupigwa. Mama aliyepoteza mimba hakumkosea Mungu. Aibu inaweza kukaa ndani ya mtu asiye na hatia kwa uzito ule ule wa hatia, na mtu huyo akiendelea kuomba msamaha hatapata amani, kwa kuwa anaomba asichohitaji. Anachohitaji ni faraja, na haki. Kama hapo ndipo ulipo, hatua zinazofuata si zako zote. Iruke hii na ile ya tano, soma ya tatu.

Hatua ya 3: Achana na sentensi ya mwisho

Hapa ndipo nilipokwama mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Yule kijana wa Luka 15, aliyetapanya mali ya baba yake katika nchi ya mbali, akiwa kwenye nguruwe anatunga hotuba. Ina sentensi tatu. Ya kwanza: Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako. Ya pili: sistahili kuitwa mwana wako tena. Ya tatu: nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Anaondoka nayo kichwani, na naamini njiani aliirudia mara nyingi, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Anafika. Anaanza. Anasema ya kwanza, anasema ya pili. Sasa angalia mstari wa 21 na wa 22. Ya tatu haipo. Baba ameshageuka, anawaambia watumwa walete upesi vazi lililo bora, na pete, na viatu.

Ile sentensi ya tatu ndiyo mimi niliyoishi nayo miaka saba. Nifanye mtumishi. Nipe kazi nilipe. Nitafunga, nitatoa, nitaongeza saa za maombi, nitakuwa mtu wa kujitolea kwa kila jambo kanisani, na siku moja hesabu zitakuwa sawa. Inasikika kama unyenyekevu. Kwa kweli ni kumwomba Mungu akuajiri badala ya kukupokea, kwa kuwa mshahara unauelewa na kukumbatiwa huna cha kukufanyia. Baba hakuijibu sentensi ile. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliikata.

Na alikuwa ameshakimbia. Kijana alipokuwa angali mbali, baba alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio. Mzee mwenye heshima zake, mwenye mashamba na watumwa, anakimbia barabarani mbele ya watu. Mbio zile zilianza kabla hotuba haijaanza. Kijana hakuwa na nafasi ya kumshawishi baba amhurumie, alimkuta ameshahurumia.

Neno lenyewe, rehema, lina historia nzuri. Lilitufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ndugu wa neno la Kiebrania *rahamim*, ambalo manabii walilitumia kwa huruma ya Mungu. *Rahamim* linatokana na *rehem*, tumbo la uzazi. Kwa hiyo kila unaposema "Bwana, unirehemu," ndani ya neno lako mna tumbo la mama. Isaya anaushika mzizi huo huo katika sura ya 49 mstari wa 15, anapouliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye; hata hao waweza kusahau, asema Bwana, lakini mimi sitakusahau wewe. Wazee wetu walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mungu anasema anaujua.

Zoezi la hatua hii ni dogo, na litakuudhi. Kwa siku saba, ukimaliza kuomba, usimwahidi Mungu chochote. Usiseme nitaongeza hiki, nitaacha kile. Sema, "Asante, umenisamehe," kisha kaa kimya dakika tano. Mimi siku ya kwanza nilishindwa kufika dakika mbili. Ulimi ulikuwa unatafuta la kutoa, kama mtu aliyelipiwa chakula anayepekua mifuko.

Hatua ya 4: Sikia msamaha kwa kinywa cha mtu mwingine

Huwezi kujitangazia msamaha mwenyewe ukaamini kila siku. Yakobo alilijua hilo alipoandika kwamba tuungamiane dhambi zetu na kuombeana tupate kuponywa (5:16).

Makanisa yana njia tofauti, na kila moja ina uzito wake. Mkatoliki anayo sakramenti ya kitubio: unaungama kwa padri, naye anatamka maneno ya maondoleo kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na amefungwa kabisa asitoe siri ile kwa yeyote. Mwothodoksi naye huungama mbele ya kuhani. Mlutheri na Mwanglikana wana maungamo ya pamoja ndani ya ibada, yakifuatwa na tangazo la msamaha, na ungamo la faragha kwa mchungaji lipo pia kwa anayelihitaji. Kwa Wapentekoste na wengineo, ni mchungaji, mzee wa kanisa au ndugu katika imani mnayeomba pamoja. Tumia njia ya kanisa lako, na usiipite kwa haraka. Tangazo la msamaha Jumapili wengi wetu tunalisikia tukiwa tunatafuta ukurasa wa wimbo. Jumapili ijayo weka kitabu chini. Sikiliza neno kwa neno, ukijua ni wewe unayeambiwa.

Ukichagua mtu wa kumweleza nje ya utaratibu wa kanisa, chagua anayejua kukaa na neno. Asiwe mtu anayekusimulia maungamo ya wengine, maana na yako atayasimulia. Asiwe pia mtu wa kulipunguza kosa: "Ah, hilo dogo, kila mtu anafanya." Kosa lililopunguzwa halijasamehewa, limepuuzwa tu, na litarudi. Unamtaka mtu atakayekusikiliza mpaka mwisho, akubali kwamba ni dhambi, halafu akuambie, "Kristo alikufa kwa ajili ya hilo. Umesamehewa."

Hatua ya 5: Rekebisha kinachorekebishika

Zakayo alisema atawapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Mara nyingi tunasahau mpangilio wa mambo. Yesu alisimama chini ya mkuyu akamwambia ashuke upesi, kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Watu walianza kunung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Mkono wa Zakayo ulifunguka baada ya hapo. Mgeni alikwisha kumkubali kabla ya senti moja kurudi kwa mwenyewe.

Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kumtafuta rafiki yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshajaribu mara mbili nikaishia mlangoni, kwa sababu nilikuwa naenda kununua amani, na niliogopa bei. Safari hii nilienda nikiwa tayari nimesamehewa na Mungu, na kilichobaki kilikuwa haki ya rafiki yangu kuusikia ukweli. Nilimkuta anakunja nguo zilizokauka. Nikamwambia yote: upungufu ulikuwa wangu, nilijua, na nilinyamaza. Akaendelea kukunja. Akakunja shati, akalilaza juu ya mengine, akapitisha kiganja kulinyoosha. Kisha akasema, "Nilijua." Baada ya kimya kirefu akaongeza, "Nipe muda."

Sikupata kukumbatiwa siku ile. Nilienda kwa waliotoa uamuzi ule nikawaandikia ukweli, jina lake likasafishwa, lakini kazi haikurudi na miaka haikurudi. Ilipita karibu mwaka ndipo akanipigia simu. Nalisema hili ili usije ukadhani msamaha wa Mungu unamlazimisha mwanadamu. Uliyemkosea ana haki ya kuchukua muda wake, na asipofika huko hajakuondolea ulichopewa na Mungu. Na msamaha haufuti matokeo. Nathani alimwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na sura hiyo hiyo ya 2 Samweli 12 inaeleza msiba uliofuata. Ukiwa umevunja sheria, huenda kuna mahali pa kwenda kujieleza, na unaweza kwenda huku umesamehewa.

Kabla hujaenda kwa mtu, omba ushauri. Kuna maungamo yanayomtua mzigo anayeungama na kumtwika anayesikia. Kumwambia mtu jambo asilolijua, litakalovunja nyumba yake, ili tu wewe ulale vizuri, si kurekebisha. Kama aliyekosewa amefariki, rudisha kwa warithi wake kama ni mali. Sheria ya Hesabu 5 ilitaka kitu kirudishwe na sehemu ya tano juu yake, na kama hakuna ndugu wa kupokea, kilipelekwa kwa Bwana. Kama ni neno tu ulilomkosea, mwambie Mungu anayewashika wote wawili.

Hatua ya 6: Kwa siku moyo unapokataa

Zitakuwepo. Utaamka asubuhi moja, lile jambo limekaa kifuani kana kwamba hukuwahi kutubu.

Siku hiyo usirudi kuungama upya. Kosa lililokwisha kuungamwa, ukilirudia unamwambia Mungu hakusikia. Badala yake jibu kwa maneno ya Yohana: moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote (1 Yohana 3:20). Zamani aya hii ilinitisha, hilo la "anajua yote." Siku hizi ndiyo inayonilaza. Hakuna kitakachofukuliwa kesho kikamfanya Mungu ajute kunisamehe. Alinisamehe akiwa na faili zima mezani.

Chagua aya moja tu na uishike mwezi mzima. Ukikosa, chukua Zaburi 103 kuanzia mstari wa 8 hadi wa 14: mashariki ilivyo mbali na magharibi, ndivyo alivyoweka dhambi zetu mbali nasi. Au Maombolezo 3:22-23, kwamba rehema zake ni mpya kila siku asubuhi. Maneno hayo yanaimbwa harusini na kwenye sherehe, lakini yalitoka katikati ya magofu ya Yerusalemu baada ya Wababeli kuiteketeza, mwandishi akiwa amezungukwa na njaa na maiti, tena akijua taifa lake lilikuwa na makosa. Mtu aliyeona hayo akisema rehema hazikomi, mimi namsikiliza.

Baadhi ya wasomaji wataniuliza kuhusu dhambi isiyosameheka. Imo katika Mathayo 12 na Marko 3. Yesu aliwaambia waandishi na Mafarisayo waliomwona akiwafungua watu kwa nguvu ya Roho wa Mungu, wakasema kwa makusudi kwamba ni nguvu ya Beelzebuli. Ni moyo uliomwona mwokozi ukamwita shetani, na hautaki kumhitaji. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja analia akiogopa ameitenda. Ukiwa umekosa usingizi kwa hofu kwamba umemkufuru Roho, hofu hiyo yenyewe inaonyesha Roho hajakuacha.

Ila kuna hofu inayovuka mpaka. Mtu anaungama mara kumi kwa siku, anarudia sala tangu mwanzo kwa sababu neno moja halikutoka vizuri, anaona dhambi katika kila wazo linalopita. Martin Luther alipokuwa mtawa alitumia saa nyingi kwa muungamishi wake, Johann von Staupitz, akichimba makosa madogo madogo, akitoka hapo anakumbuka mengine. Ukijiona hapo, hiyo ni dhamiri iliyochoka na kuugua, na pengine akili pia inahitaji kutibiwa. Mtii kiongozi mmoja wa kiroho akikuambia "usiungame tena hili," na umwone mtaalamu wa afya ya akili. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani.

Hatua ya 7: Acha kudai

Mathayo 18. Mtumwa anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kiasi cha dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: dinari milioni 60. Kwa mtu anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni miaka 200,000. Naye anapiga magoti na kusema, "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia."

Hakuomba kusamehewa. Aliomba muda. Ni ile sentensi ya tatu ya kijana wa Luka, imevaa nguo nyingine. Bwana wake akampa kitu ambacho hakukiomba, akamfuta deni lote, na nadhani yule mtu hakukisikia. Alitoka pale bado kichwani anafanya hesabu, akamkuta mwenzake anayedaiwa dinari 100, akamshika koo. Mtu anayeamini kwamba bado anadaiwa huwa anahitaji kila senti iliyo nje.

Kwa hiyo andika majina ya wale unaowadai moyoni: aliyekusema vibaya, mzazi aliyekuacha, ndugu aliyekula haki yako. Huna haja ya kurudisha urafiki na kila mmoja, na anayeendelea kukudhuru kaa naye mbali. Mwachilie tu deni mbele za Mungu, kwa jina. Anza na jina jepesi kuliko yote. Zito litasubiri.

Ukianguka tena

Utaanguka. Pengine katika jambo lile lile, pengine kabla wiki haijaisha. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kusubiri: niache siku chache zipite, nikae vizuri kidogo, ndipo niende mbele zake nikiwa na sura. Usisubiri. Siku hizo chache ni ile nchi ya mbali ya yule kijana, na hakuna anayepata sura akiwa huko. Jioni hiyo hiyo, kabla hujanawa uso, rudi kwenye hatua ya pili, litaje kosa kwa jina lake, na ukifika kwenye sentensi ya tatu, iache.